Theluji Yenye Rangi ya Udongo

Mimi nilizaliwa Muheza, mahali ambapo nyasi mbele ya nyumba ni aibu. Mama alifagia uani kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa mpaka ardhi ikabaki na michirizi, na jani lililothubutu kuota karibu na mlango lilipigwa jembe kabla halijaficha nyoka. Nayasema haya si kwa kujitetea. Nataka tu msomaji anielewe nikikiri kwamba nilifika Marekani nikiwa mtu mzima bila kujua kuwa binadamu anaweza kuzipenda nyasi.

Swali linalonisumbua ni hili: mtu aliyetoka kutenda wema akadhuru, na katikati ya kazi akaiona dalili ya madhara, anaweza kusema kwamba hakujua?

Mwaka 1991 tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Mwezi Septemba nilinunua kwa mtu trekta dogo la bustani lililokwisha kutumika, lile la kukatia nyasi wakati wa joto, pamoja na mashine ya kurushia theluji inayofungwa mbele yake wakati wa baridi. Niliifunga mapema kuliko jirani wote, wakanicheka. Tarehe 31 Oktoba, siku ambayo watoto wa kule huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, theluji ilianza kuanguka, na haikukoma mpaka tarehe 3 Novemba. Minneapolis ilipata sentimita 72. Hakuna aliyecheka tena.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mama mmoja mjane, umri wake umepita miaka sabini. Kuni zake zilikuwa kibandani, ng'ambo ya uwanja wa nyasi, kama hatua arobaini kutoka mlango wake wa nyuma. Nilimwona dirishani akiitazama ile theluji. Sikumwuliza. Kwetu huulizi unapoona mzee amezingirwa, unakwenda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, ingawa ukweli ni kwamba njia yangu ya gari ilikuwa imekwisha kusafishwa, nami nilikuwa bado naitafutia mashine yangu kazi.

Lazima nieleze kidogo mashine yenyewe. Mbele ina parafujo kubwa la chuma linalozunguka na kuivuta theluji katikati, kisha pangaboi huirusha juu kupitia bomba. Chini kuna bamba la chuma linalokwangua, na pembeni vyuma viwili vya kutelezea, ambavyo mafundi huviita viatu. Viatu ndivyo vinavyoamua bamba lipite juu ya ardhi kwa kiasi gani. Vyangu vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya saruji, ambako bamba linatakiwa likaribie kugusa. Juu ya saruji kiatu husimama; juu ya nyasi laini kiatu huzama, na bamba huzama nacho. Tena uwanja wa yule mama ulikuwa na mabonde na vituta. Magurudumu ya mbele yakiingia bondeni, bamba huuma. Nyuma nako matairi yalikuwa yamevikwa minyororo, na trekta zima pamoja na mimi tulipita kilo 300.

Nilidhani baridi imekwisha kuigandisha ardhi. Kumbe theluji ni blanketi. Ikianguka nyingi kabla udongo haujaganda, huufunika na kuuhifadhia joto lake, na hata hewa ya juu iwe kali namna gani, chini hubaki laini kama keki. Hilo sikulijua, na sidhani kuna wa kunilaumu kwa hilo.

Lakini kwenye hatua ya kumi hivi, theluji iliyokuwa ikitoka bombani iligeuka rangi. Ilikuwa nyeupe, ikapata madoadoa, kisha ikawa kama kahawa yenye maziwa. Niliona. Nikajiambia ni majani makavu yaliyoanguka mtini. Nikaendelea hadi kibandani, nikarudi, nikapita tena ili kupanua njia. Nikasimamishwa tu na jiwe, lililokata pini ya parafujo. Fundi aliyeibuni mashine ile aliona mbali: aliweka pini dhaifu kwa makusudi, ili parafujo likigonga kitu kigumu pini ikatike na giaboksi ipone. Kwa hiyo mashine ilikuwa na kitu cha kuilinda. Nyasi hazikuwa na kitu isipokuwa macho yangu.

Jioni mama yule alituletea mkate wa ndizi. Theluji nyingine ikaanguka juu ya ile ya kahawia, na majira yote ya baridi nikawa nasifiwa mtaani. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nilizipokea sifa zote, wala sikurudisha hata moja.

Mwezi Aprili theluji iliyeyuka. Kutoka mlangoni hadi kibandani kulikuwa na mifereji miwili, na katikati yake ardhi tupu, imechunwa kama ngozi ya mbuzi. Zile nyasi, nilikuja kujua baadaye, zilipandwa na marehemu mumewe. Nilimkuta amesimama pale na fimbo yake. Akaniambia, "Mafuko wamezidi mwaka huu," yaani wale wanyama wanaochimba chini kwa chini. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Aristotle alitofautisha kati ya mtu anayetenda kwa sababu ya kutojua, na mtu anayetenda huku hajui, kama mlevi, ambaye giza lake amejiletea mwenyewe. Kutojua kwangu habari ya blanketi la theluji nakuweka katika fungu la kwanza. Kutojua kwangu baada ya hatua ya kumi nilikutengeneza mwenyewe, kwa yale majani makavu. Chuoni tulifundishwa kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, nami nilijifunika maneno hayo kama shuka. Lakini nia ipi? Nilipowasha injini nia yangu ilikuwa, japo nusu, kumsaidia mama wa watu. Kwenye hatua ya kumi na moja nia yangu ilikuwa kumaliza. Nia hubadilika njiani, na aghalabu mtu haoni ilipobadilikia. Mimi niliwekewa alama ya rangi, nikaipita.

Siku tisa baadaye nilikwenda kubisha hodi. "Mama," nikasema, "si mafuko. Ni mimi."

"Nilijua," akasema. "Niliiona theluji ikitoka na udongo. Nilikuwa dirishani."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema mafuko.

"Nilikuwa nakupa mlango wa kutokea," akasema. "Ukautumia."

Na kwa nini hakugonga kioo ile siku nikasimama? Alisema nilionekana nimefurahi mno, kisha akaongeza kwamba mumewe angenisimamisha. Nakiri kwamba jibu hilo liliniudhi, na mpaka leo linaniudhi kidogo. Kuna ukarimu unaomwacha mwenzako azidi kuharibu. Sijaamua kama alinihurumia au aliniona mtu asiyeambilika, maana mtu anayeingia uani kwa watu na mashine bila kuuliza hampi mwenyeji nafasi kubwa ya kusema hapana.

Fedha alikataa. Aliniambia nisubiri mwisho wa Agosti, joto likianza kupungua, ndipo mbegu za nyasi za kule hushika vizuri. Nikajaza mifereji udongo, nikasawazisha kwa reki, nikapanda, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nyasi zilitoka, lakini kwa kijani kingine, na kwa miaka kadhaa ungeweza kusimama dirishani kwake ukaiona njia yangu yote.

Baridi iliyofuata nilivishusha viatu vya mashine hadi mwisho ili bamba liinuke, nikangoja ardhi igande kweli, kisha nikaenda kumwuliza kama nimsafishie. Akasema hapana. Niliporudi mara ya pili akasema hapana. Mara ya tatu akasema ndiyo, lakini kwa koleo.