Masomo ya Mtandaoni: Je, Yamfaa Kila Mtu Mzima?

Siku hizi ni nadra kumpata mwenye simu ambaye hajakutana na tangazo la masomo. "Jisomee ukiwa nyumbani, upate cheti bila kuacha kazi," ndivyo yasemavyo mengi ya matangazo hayo. Karani wa miaka 45 hulisoma, mama mwenye duka hulisoma, na dereva hulisoma akingoja abiria. Kisha hutujia sisi tulioshika chaki miaka mingi na kutuuliza: Je, haya ni masomo kweli? Yatanifaa mimi?

Wapo wanaojibu upesi kwamba hayo ni mambo ya vijana, na mtu mzima atosheke na anayoyajua. Wapo pia wanaojibu kwamba hiyo ndiyo elimu ya leo, na asiyeifuata ameachwa nyuma. Sisi twaona kwamba wote wanatoa hukumu juu ya mashine, ilhali swali ni juu ya mtu. Yafaa tulichunguze swali lenyewe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwanza, tusidhani kwamba kusoma mbali na mwalimu ni jambo geni kwetu. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walijifunza habari za afya kwa njia ya redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Tena, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule zilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kutoa. Basi kuanzia mwaka 1976 hadi 1984 vijana waliomaliza shule ya msingi walifunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya kuandikwa na vipindi vya redio. Zaidi ya 35,000 walihitimu. Wako waliowabeza wakiwaita "walimu wa UPE", lakini wengi wetu tuna ndugu waliofundishwa kusoma na walimu hao. Na mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kimewapa shahada watu wengi waliokuwa na kazi na familia.

Sasa tutazame upande mwingine. Mwaka 2012 vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vilianza kutoa masomo mengi ya mtandaoni bila ada, kwa yeyote duniani. Walimu walikuwa mashuhuri na masomo yalitayarishwa vizuri. Hata hivyo ilionekana kwamba sehemu kubwa sana ya wanaojiandikisha hawafiki mwisho. Kwa nini kijana wa kijijini mwenye taa ya mafuta alimaliza, na mtu mwenye kompyuta nzuri akaishia njiani?

Jibu halimo katika akili zao. Waliosikiliza "Mtu ni Afya" hawakusikiliza kila mtu peke yake. Walikaa katika vikundi vyenye kiongozi, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wale vijana wa ualimu walitembelewa na wakufunzi, na somo la jana walilitumia asubuhi mbele ya watoto. Walikuwa mbali na chuo, lakini hawakuwa mbali na watu, wala na kazi iliyowadai maarifa yale.

Sisi walimu twajua jinsi darasa linavyombeba mwanafunzi bila yeye kufahamu. Kengele humwamsha. Jicho la mwalimu humzuia kusinzia. Mwenzake wa dawati moja humnong'oneza pale alipopotea, na aibu ya kuwa wa mwisho humsukuma. Mtoto hudhani anasoma kwa nguvu zake mwenyewe. Mtu mzima anayesoma kwa simu huvuliwa hayo yote kwa siku moja, na hatambui yamekwenda wapi mpaka juma la tatu, anapojikuta hajafungua somo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: nani atakuwa kengele yangu, na nani atakuwa mwenzangu wa dawati? Asiye na jibu bado anaweza kulitafuta. Lakini asilipe ada kabla hajalipata.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo twaliona ni la haki. Mtoto akisoma, wazazi hujua wamelipa nini. Mtu mzima akisoma, walipaji mara nyingi hawajaulizwa. Saa ya kusoma usiku haikuwa tupu: ilikuwa ya mtoto mwenye kazi ya shule, ya mgonjwa aliye chumba cha pili, au ya mwenzi aliyekaa kutwa nzima bila mtu wa kuzungumza naye. Fedha za bando nazo zilikuwa na kazi yake. Je, kusoma hivyo si ubinafsi?

Twajibu kwamba si ubinafsi iwapo jambo limesemwa wazi mezani: nitasoma saa hizi, kwa miezi hii, kwa gharama hii, na sababu ni hii. Lakini anayechukua saa za wenzake kimyakimya, kisha akawakaripia wakimwita, huyo amekopa bila kuaga.

Atatokea mama mmoja aseme, "Nikingoja ruhusa ya nyumba yangu nitaingia kaburini sijasoma." Neno hilo ni la kweli, na hatutalipita. Kuzungumza na nyumba si kuomba ruhusa kama mtoto. Nyumba nayo ina deni kwa mama aliyewasomesha wengine miaka 20, akioshea wote vyombo. Baba asiyeweza kuosha sahani kwa saa moja ili mkewe asome, yampasa aeleze yeye sababu yake. Haki tunayoisema hudai pande zote mbili.

Swali la tatu ni juu ya ukweli. Siku hizi zipo programu za akili bandia ambazo ukiziuliza swali la mtihani hukuandikia jibu zima. Msimamizi hayupo, na mlango umefungwa. Atakayepata cheti kwa njia hiyo atakuwa amenunua karatasi kwa fedha za watoto wake. Na ikiwa ni cheti cha hesabu za ushirika au cha malezi ya watoto, hasara itawafikia watu ambao hawakuhusika. Basi ajiulize kila mmoja: nataka kujua, au nataka kuitwa mjuzi? Anayetaka kuitwa tu, mtandao utampa nafasi kubwa mno ya kujidanganya.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hata mkulima hodari huupima udongo kabla ya kupanda. Kwa hiyo twashauri jaribio lisilo na ada. Kwa majuma 2, tenga saa ile ile unayokusudia kusomea, siku 5 kila juma, usome kitabu cha kuazima au masomo ya bure yaliyo mtandaoni. Kila mwisho wa juma, mweleze mtu mmoja ulichojifunza bila kutazama daftari. Ukiweza, nenda ukajiandikishe, baada ya kuhakikisha kwamba chuo hicho kinatambuliwa. Kwa vyuo vikuu vya Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo ya kuulizwa. Ukishindwa, usijiite mjinga. Umegundua tu kwamba wewe ni mtu wa kusoma pamoja na watu, na kwa mtu kama huyo darasa la jioni ni bora kuliko simu. Na wale wanaotaka ufundi wa mikono, kama kushona au kuchomelea vyuma, wakumbuke kwamba picha huonyesha tu. Anayesahihisha mkono ni fundi aliye karibu.

Tunalo neno moja kwa mtaa wetu. Wamo kati yetu waliokwisha kumaliza masomo ya namna hii, na wamo wanaoanza peke yao usiku bila mtu kujua. Aliyemaliza akimpa anayeanza nusu saa tu kila juma, kumwuliza amefika wapi, atakuwa amemrudishia kengele na mwenzake wa dawati. Hilo halihitaji bando.