Methali Mbili na Nyundo Moja

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukizifungia katika chumba kimoja, zitagombana. Ya kwanza yasema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ya pili yasema: kidole kimoja hakivunji chawa. Nilizifundisha zote mbili kwa miaka 35, kumi na miwili ya mwisho nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sikuwahi kuuona ugomvi wao. Nilipouona nilikuwa na umri wa miaka 73, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chooni kwa binti yangu, nimeshika tochi.

Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan, kaskazini mwa Marekani. Alikwenda huko kusoma mwaka 2003, akabaki. Wakati ninaouzungumzia alikuwa na miaka 43, hajaolewa, hana mtoto, akiishi peke yake katika nyumba ndogo ya mbao aliyoinunua kwa mkopo wa benki. Nilikwenda kwake Novemba 2022, mwaka mmoja baada ya mama yake kufariki. Ndugu niliwaambia kuwa nakwenda kumjulia hali. Ukweli, msomaji wangu, ni kwamba nilikwenda na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa kama nilivyoandaa hotuba za mahafali: utangulizi, hoja tatu, na hitimisho. Hitimisho lenyewe lilikuwa kwamba mtu asiye na mwenzi ni nusu ya mtu, na kwamba muda unakwisha.

Usiku wa pili tangi la choo likakataa kunyamaza. Maji yalikuwa yakichuruzika humo ndani kama kijito. Binti yangu alikuja na spana, akapiga magoti, akafunga koki ya chini ya tangi.

"Baba, hebu nimulikie hapa."

"Huna fundi?"

"Wapo, Baba. Lakini kwa kazi hii fundi atadai dola mia na zaidi. Mpira wenyewe hauzidi dola kumi."

Akanionyesha kifuniko cha mpira kilichokaa chini ya tangi. Kilikuwa kimechakaa na hakikufunga tena barabara, kwa hiyo maji yalipenya polepole, boya likashuka, na tangi likawa linajijaza usiku kucha bila kutumwa na mtu. Alikitoa, akasugua mahali kilipokalia, akaweka kipya, akaulegeza mnyororo kidogo. Kukawa kimya. Kazi yote haikuchukua robo saa. Nami nilibaki na tochi yangu, nikiwa na haya nisizojua zatoka wapi.

Siku zilizofuata nilizidi kuona. Alibadilisha chujio la hewa la mashine ya kupasha nyumba joto. Alibandika nailoni nyembamba madirishani ili baridi isipenye, kisha akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakazika kama ngozi ya ngoma. Hata hivyo, hakugusa kila kitu. Bomba la gesi na nyaya zinazoingia kwenye sanduku kuu la umeme aliwaachia mafundi wenye leseni. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kuwa kujitegemea si kujifanya unajua kila kitu.

Neno hilo, kujitegemea, lilinigutusha. Mwaka 1967 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Tulilisoma, tukalijadili, tukalima mashamba ya shule kwa ajili yake. Baadaye nikawafundisha walimu jinsi ya kulifundisha. Sasa nilikuwa nimeliona limetimia mbele ya macho yangu, limevaa suruali ya kazi na kushika spana, na jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa huruma. Nilimwonea huruma mtu aliyefanya kile nilichokihubiri maisha yangu yote!

Alhamisi alinichukua kwenda kumtazama akicheza mchezo wao waitao bolingi. Ni ukumbi mkubwa wenye njia za mbao nyororo. Kutoka mstari wa kurushia mpaka kigingi cha mbele ni futi 60, yaani kama mita 18, na huko mwisho vigingi kumi vimepangwa kwa umbo la pembetatu. Mchezaji huviringisha mpira mzito, ambao waweza kufika ratili 16, zaidi kidogo ya kilo saba. Kila zamu hupewa mipira miwili: asipoviangusha vyote kwa mpira wa kwanza, wa pili ni wa kumalizia vilivyobaki. Mwanangu hakuwa bingwa. Lakini nilimwona akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa msichana mdogo akiruka kamba uani kwetu.

Hakuwa peke yake. Timu yao ina watu wanne: yeye, dereva wa basi aliyestaafu, karani wa shule, na bibi mmoja mjane ambaye ndiye hodari kuliko wote. Bibi huyo alinieleza kwa fahari kuwa chama cha bolingi cha wanawake kiliundwa mwaka 1916 katika mji wa St. Louis na wanawake 40, kwani chama kilichokuwapo tangu 1895 kilikuwa cha wanaume. Mwaka 2005 vyama hivyo viliunganishwa. Nilimsikiliza nikiwaza: kumbe hata kuviringisha mpira kulihitaji watu wa kuthubutu.

Hofu niliyokwenda nayo si ya kijinga, na hata huko Marekani ina wasomi wake. Robert Putnam, mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala mwaka 1995, na kitabu mwaka 2000, kuhusu Wamarekani wanaocheza bolingi peke yao. Alionyesha kuwa kati ya 1980 na 1993 wachezaji waliongezeka kwa asilimia 10 hivi, ilhali wanaocheza katika ligi walipungua kwa asilimia 40. Kilichomsikitisha si mchezo. Ni kwamba vikundi vya kukutana kila wiki, ambamo watu hujuana na kuaminiana, vilikuwa vikifa. Lakini angalia, ndugu msomaji: kipimo chake hakikuwa kama mtu ana mume au mke. Kilikuwa kama mtu ana watu. Mimi nilikuwa nimevichanganya vipimo hivyo viwili.

Jumapili, baada ya chakula, niliitoa hotuba yangu. Binti yangu aliisikiliza yote bila kunikatiza, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake. Nilipofika kwenye hoja ya tatu, ile ya "ukiugua nani atakupa maji?", alijibu kwa upole.

"Baba, Februari iliyopita niliugua homa siku tano. Dereva aliondoa theluji mlangoni. Bibi alileta supu kila jioni. Ufunguo wa nyumba hii wanao watu wawili, nami ninao wa kwao. Bomba la Bibi likivuja, ananiita mimi."

Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Na wewe, Baba, tangu Mama afariki, nani anakupikia?"

Sikuwa na jibu la kujivunia. Ninaye msichana wa kazi. Mwaka huo aliwahi kwenda msibani kwao kwa siku tatu, nami kwa siku hizo tatu nilikula mkate na chai ya birika la umeme. Unga ulikuwamo, mafuta yalikuwamo, samaki wakavu walikuwamo. Aliyekosekana ni mwanamke wa kuvigeuza kuwa chakula. Niliishi na mke wangu miaka 46, na kwa miaka yote hiyo niliuita utegemezi wangu kuwa ni umoja. Kati yangu na mwanangu, ni nani basi aliyekuwa nusu ya mtu?

Usiku huo nilimkumbuka mwanachuo mmoja. Ilikuwa mwaka 1998, katika chuo nilichokiongoza. Ratiba niliyoitia sahihi mimi mwenyewe iliwapeleka wavulana kwenye useremala na wasichana kwenye sayansi kimu. Msichana huyo alikuja ofisini kuomba aingie useremala. Nilimwambia, kwa mzaha wa wakubwa, kuwa aolewe na fundi. Walimu wawili waliokuwapo wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Mkuu, nyundo haimwulizi aliyeishika." Nikamwamuru atoke. Nilidhani nimelinda nidhamu ya chuo.

Sasa naelewa tulichofanya. Zile methali mbili hatukuzifundisha kwa watoto wote. Mvulana tulimpa ya mtegemea cha nduguye, ili aondoke nyumbani akajenge. Msichana tulimpa ya kidole kimoja, ili abaki akingoje kidole cha pili. Na jikoni tukazigeuza: huko mvulana ndiye aliyefundishwa kungoja. Tukawalea watu nusu kwa mikono yetu, kisha tukawaambia kuwa ndoa itawakamilisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli. Lakini vidole viwili vilivyopooza navyo havimvunji. Umoja wa kweli wahitaji watu ambao kila mmoja ana kitu mkononi cha kumpa mwenzake. Bibi ana supu, mwanangu ana spana, dereva ana sepetu ya theluji. Hapo methali hizo mbili hukaa chumba kimoja bila ugomvi.

Sisemi kuwa ndoa si kitu. Mimi niliyeipata iliyo njema siwezi kusema hivyo. Wala sisemi kuwa mwanangu hana usiku wa majonzi. Siku moja alfajiri nilimkuta jikoni ameketi gizani, nikajua kuna mambo asiyomwambia babaye. Lakini niliwahi kuyaona majonzi kama hayo pia katika nyumba zenye watu wanane. Kuwa peke yako ni hali ya nyumba. Ukiwa ni hali ya moyo.

Lilibaki jambo moja lililonizuia kulala. Nina shamba nje ya Morogoro. Mwaka 2016 niliwagawia wanangu wawili wa kiume ekari mbili mbili. Ekari mbili zilizosalia nikasema zitangoja mpaka binti aolewe, la sivyo ziwarudie kaka zake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinasema wazi kuwa haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Marekani nako, kabla ya sheria ya 1974 iliyokataza ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa katika mikopo, benki iliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa kuwa hana mume wa kumtilia sahihi. Benki ya ugenini ilimwamini mwanangu kwa nyumba nzima. Babaye hakumwamini kwa ekari mbili.

Usiku wa mwisho kabla ya safari nilimwambia kuwa ekari hizo ni zake. Alikaa kimya kwa muda mrefu.

"Baba, ukinipa kwa kunihurumia, sitapokea. Ukinipa kwa kuwa mimi ni mtoto wako, nitapokea, ingawa umechelewa."

Neno lile la mwisho lilinichoma, na nilistahili kuchomwa.

Niliporudi nyumbani niliandika hati mbele ya uongozi wa kijiji. Mwanangu mmoja wa kiume alinuna, na mpaka leo hajamaliza kununa. Nimejifunza kubadilisha mpira wa koki. Nimejifunza kusonga ugali. Wa kwanza ulikuwa na madonge hata mbwa aliutazama mara mbili. Sijaacha kutamani mwanangu apate mwenzi, maana mzazi ni mzazi. Nimeacha tu kumwambia kuwa amepungukiwa.

Hunipigia simu kila Jumapili. Baada ya shikamoo huniuliza, "Baba, umekula nini leo?" Nami humtajia, na humwambia aliyepika ni nani.