Ushuhuda Wangu Haukuwa Wangu

Mchungaji wetu mkuu amenipa ukurasa wa wiki hii, nami nilimwomba ruhusa niandike juu ya jambo ambalo kusema ukweli ningependa kulipita mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika. Lakini andika vile umeniambia, usilipambe."

Wengi wenu mmesikia ushuhuda wangu. Nimeutoa hapa madhabahuni, nimeutoa kwenye kesha la vijana, nimeutoa kwenye mikutano ya injili kule sokoni. Kwamba nilikuwa mlevi wa kupindukia pale chuo kikuu, nikalala mtaroni, nikauza hata simu yangu ili ninywe, mpaka usiku mmoja Bwana akaniinua. Ni ushuhuda mzuri. Watu walikuwa wanalia. Shida yake ni moja tu: haukutokea.

Kilichotokea ni kwamba nikiwa mwaka wa pili nilikunywa chupa mbili za bia kwenye sherehe ya rafiki, nikatapika, nikalala, asubuhi nikaenda darasani na kichwa kinaniuma. Basi. Hiyo ndiyo habari yote ya ulevi wangu. Mara ya kwanza kusimulia nilisema tu kwamba niliwahi kuonja pombe. Mara ya pili nikaona watu wametulia wananisikiliza, nikaongeza kidogo. Mwaka uliofuata ukaingia mtaro. Simu sikumbuki hata iliingia lini.

Halafu Aprili mama yangu akaja kututembelea kutoka nyumbani, akaketi safu ya tatu, na siku hiyo nilihubiri juu ya neema. Nikatoa ule ushuhuda. Jioni tumemaliza kula, mke wangu amepeleka watoto kulala, mama akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana yangu, yule mlevi ulikuwa unasema habari zake leo ni nani? Mimi nimekaa na wewe nyumba moja hiyo miaka yote, ulikuwa unaenda chuo na kurudi. Sijawahi kukufungulia mlango ukiwa umelewa."

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu juu ya kuwatia watu moyo. Mama akaitikia kwa kichwa vile huitikia mtu wa duka anapomwambia bei imepanda, akaenda kulala.

Usiku ule nilifungua Biblia, na nilifungua mahali ambapo sikutaka. Mwanzo 27, Yakobo anaingia kwa baba yake kipofu akiwa amevaa nguo za kaka yake na ngozi za mbuzi mikononi. Baba anamuuliza yeye ni nani. Anajibu kwamba ni Esau. Mzee ana wasiwasi, anauliza tena, anapata jibu lile lile, na baraka inatoka. Sasa ruka mpaka sura ya 32. Miaka ishirini na zaidi imepita, Yakobo yuko peke yake usiku kando ya mto Yaboki, ameshikana mieleka na mtu asiyemjua, na anaomba baraka tena. Na kabla ya kupewa, anaulizwa swali lile la baba yake: jina lako ni nani? Safari hii anasema Yakobo. Hapo ndipo anabarikiwa, na jina jipya anapewa.

Nimefundisha somo hili zaidi ya mara tano. Siku zote nilikuwa nafundisha juu ya kung'ang'ana katika maombi. Sikuwahi kuona kwamba mimi mwenyewe bado niko sura ya 27, nimevaa ngozi za mbuzi.

Wapo wapendwa wanaosema mtu aliyeokoka hafai kujiuliza maswali. Ukijiuliza kama umeokoka kweli, hiyo ni sauti ya adui, ikemee. Naelewa wanakotoka, kwa sababu nimeombea watu ambao kujipima kumewageuka kuwa ugonjwa, kila wiki wanaokoka upya. Lakini Paulo aliwaambia Wakorintho wajipime wenyewe kama wamo katika imani (2 Wakorintho 13:5). Na kanisa hilo hilo, katika barua ya kwanza sura ya 4, alikuwa amewaambia kwamba yeye hata hajihukumu nafsi yake, kwa sababu anayemhukumu ni Bwana. Sasa mtume anasema nini? Tujipime au tusijipime?

Wacha nijibu kama mtu aliyesomea biashara kabla ya kusomea Biblia. Kila mwisho wa mwezi, mtunza hesabu huchukua daftari lake la fedha na kuliweka kando ya taarifa ya benki. Daftari ni vile wewe unasema pesa zimetembea. Taarifa ya benki ni vile mwingine ameona. Mara nyingi hazilingani, na si lazima kuna mtu ameiba; pengine kuna hundi haijapita, au makato ya benki hukuyaandika. Lakini tofauti ni lazima ielezwe. Kitu ambacho hakiruhusiwi ni kukagua daftari lako kwa kutumia daftari lako. Ukifanya hivyo, kila kitu kitalingana mpaka siku kampuni inafungwa.

Nadhani hapo ndipo Paulo yuko. Kujipima ni kutafuta tofauti iko wapi. Kujihukumu ni kuandika mwenyewe hukumu ya mwisho, iwe ni ya kujisifu au ya kujilaani, na hiyo kazi ina mwenyewe. Mimi kwa miaka minane nilikuwa nakagua daftari langu kwa daftari langu. Mama ndiye alikuja na taarifa ya benki.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana hilo. Jibu la haraka ni kwamba nilitaka kupendwa, na si uongo. Lakini chini yake kuna kitu kingine: nilikuwa naona njia yangu ya kuja kwa Yesu ni ndogo mno. Tuseme ukweli, katika makanisa yetu kuna ngazi za ushuhuda. Aliyekuwa mwizi wa kutumia nguvu anapewa dakika ishirini na kipaza sauti. Aliyekulia darasa la watoto la Jumapili anaambiwa asalimie watu na aketi.

Ebu soma Matendo 16 na jambo hili akilini. Mji ni mmoja, Filipi. Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa nguo za zambarau, anakaa kando ya mto na wanawake wenzake, anasikiliza mafundisho, Bwana anaufungua moyo wake, anabatizwa. Hakuna kelele. Hakuna hata machozi yaliyoandikwa. Kisha sura hiyo hiyo, mlinzi wa gereza: usiku wa manane, tetemeko la ardhi, milango imefunguka, mtu ameshika upanga ajiue. Hawa wawili bila shaka walikuja kuabudu katika kanisa moja. Mimi huwafikiria Jumapili ya kwanza ya ushuhuda. Mlinzi anasimama, anasimulia, nyumba nzima inapiga makofi. Halafu zamu ya Lidia. Je, si angejaribiwa kuongeza tetemeko dogo tu, hata la kutikisa vikombe?

Lakini Luka aliziandika zote mbili bila kupandisha moja wala kushusha nyingine.

Mtu ataniambia, Pasta, mambo ya kila mtu na njia yake ni ya dunia, Yesu mwenyewe ndiye njia. Amina, sibishani na Yohana 14. Barabara ni moja. Lakini wanaokwenda mjini kwa Thika Road hawapandii matatu steji moja. Kuna aliyepandia Githurai, amesimama kwenye foleni nusu saa, kuna aliyepandia Ngara akafika kwa dakika chache. Wote wako ndani ya gari. Ubaya ni yule wa Ngara akianza kusimulia abiria jinsi alivyoteseka Githurai. Hajaibia mtu nauli, lakini sasa konda akimuuliza amepandia wapi hawezi kujibu.

Na madhara yapo, wapendwa, si hadithi ya kuchekesha tu. Kulikuwa na kijana mmoja katika kwaya yetu, amemaliza kidato cha nne, amezaliwa na kulelewa hapa. Siku moja baada ya kesha akaniambia, "Pasta, mimi sina ushuhuda. Wacha kwanza nionje dunia kidogo, ndio nami nirudi na ushuhuda wa maana kama wako." Nilicheka. Nilimpiga bega nikacheka. Sasa ni mwaka na zaidi hajaingia mlango huu, na habari ninazosikia juu yake si nzuri. Mtaro ambao mimi sikulala, pengine yeye amelala.

Shosho yangu alikuwa mtu wa uamsho, wale wa zamani wa Tukutendereza. Historia yao inafaa sisi Wapentekoste tuijue, maana tunadhani moto ulianza na sisi. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe kule Kampala, walikutana watu wawili: Joe Church, daktari mmishenari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Church alikuwa amechoka, ametoka katika nchi iliyokuwa imepigwa na njaa kali. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Na angalia hili: wote wawili walikuwa tayari Wakristo. Mmoja alikuwa mmishenari! Uamsho uliofika Kenya miaka ya 1930 na kusambaa Afrika Mashariki yote ulipita kwa watu waliokubali kusema kwamba kuna kitu kimewapungukia. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifariki Januari 1936, na neno alilokuwa akilisisitiza ni moja tu, Zukuka, yaani amka. Alikuwa akiliambia kanisa, si wapagani.

Shosho alikuwa anatusimulia jinsi katika ushirika wao hukuruhusiwa kuzunguka. Hawakutaka kusikia kwamba wewe ni mwenye dhambi kwa jumla. Walitaka kujua umefanya nini, kwa nani, na umerudisha? Yeye mwenyewe siku moja alibeba kikapu cha maharagwe mpaka kwa jirani aliyemwibia wakati wa mavuno. Hebu fikiria, maharagwe! Na bado watu wa namna hiyo, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi hao hao wakakataa pia kushika silaha za serikali ya mkoloni. Wengine waliuawa. Siamui hapa nani alikuwa na haki katika vita ile, familia zetu zina makovu pande zote. Nasema tu kwamba ushuhuda wa kuazima haungemfikisha mtu hapo.

Sasa nifike kwenye maharagwe yangu.

Nilipokuwa kidato cha tatu niliiba shilingi 600 kutoka kwa mkoba wa mama. Zilikuwa pesa za chama. Baba aliporudi jioni akauliza, na mimi nikanyamaza, na mdogo wangu akachapwa. Alichapwa vibaya. Nilikuwa chumba cha pili nasikia. Niliporudi shuleni sikuweza kulala siku kadhaa, na usiku mmoja bwenini, wengine wamelala, nikamwambia Mungu yale niliyofanya na nikamwomba Yesu anichukue. Hakukuwa na mwanga wala ndimi. Nililala usingizi mzito, hiyo tu. Hapo ndipo niliokoka. Hapo ndipo steji yangu.

Mnaona kwa nini nilihitaji ulevi? Ulevi wa uongo ulikuwa rahisi kuungama. Haukuwa na mwenyewe wa kurudishiwa kitu. Dhambi ya kweli ilikuwa ndogo, shilingi 600, lakini ilikuwa na mtu mwenye jina, na mtu huyo yuko Mombasa na namba yake iko kwa simu yangu.

Nilimweleza mama kesho yake asubuhi kabla hajapanda gari. Alilia, si kwa ajili ya pesa. Halafu nikampigia mdogo wangu. Nilizungumza kama dakika kumi, yeye kimya. Mwishowe akasema, "Mimi nilikuwa najua ni wewe tangu siku hiyo. Nilidhani unajua kwamba najua." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Ulikuwa umekuwa pasta." Tumekubaliana atakuja Agosti. Bado kuna mengi ya kuongea, na sitajifanya kwamba tumemaliza.

Kwa hivyo naomba msamaha kwenu, kanisa. Kama uliamini ushuhuda ule ukakusaidia, aliyekusaidia ni Mungu, uongo ulikuwa wangu. Jumatano saa kumi na mbili jioni kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba tutasoma Matendo 16, na tumekubaliana na mchungaji kwamba safari hii wataanza wale ambao hawajawahi kushuhudia kwa sababu wanaona hawana la kusema. Dakika mbili zinatosha. Hata moja.

Yule kijana wa kwaya nimemwandikia ujumbe mara tatu. Ameusoma, tiki za buluu zipo, hajajibu. Mama yake anauza mboga karibu na steji, na nakala ya gazeti hili nitampelekea mwenyewe Jumamosi.