Gurudumu Linaloteleza



Mvua za Septemba zikianza, barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, huku kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, hubadilika tabia. Udongo uliotimua vumbi mwezi wa Julai unakuwa utelezi, na kilima ambacho pikipiki ilikipanda kwa dakika chache kinadai asubuhi nzima. Umbali wenyewe ni wa zaidi ya kilomita 100. Hata hivyo, ukimwuliza shofa atafika lini, atakujibu, "Mungu akipenda," na ujue kwamba hasemi kwa mazoea.

Msimu huo gari linaloaminiwa si lile jipya linalong'aa. Ni lori kuukuu la jeshi lililoinuka juu ya ardhi, ambalo magurudumu yake yote yanavuta, ya mbele na ya nyuma. Baadhi ya malori ya namna hiyo, kama Magirus-Deutz zilizoundwa Ulm, Ujerumani, yana injini inayopozwa kwa hewa, bila rejeta wala maji ya kuchemka njiani. Yaliundwa yabebe askari na risasi. Leo nyuma yake utakuta magunia ya mpunga, madumu ya mawese, chumvi, mabati ya kuezekea kanisa, na mama aliyempakata mtoto mgonjwa akitumaini kufika hospitali kabla ya usiku.

Nataka tusimame kidogo pale lori hilo linapokwama, maana huko kuna jambo la kutufaa sisi tunaoishi pamoja.

Kwenye ekseli kuna chombo ambacho madereva hukiita difu. Kazi yake ni kuyagawia magurudumu mawili nguvu ya injini, ili gari lipinde kona bila kuburuta tairi. Barabara ikiwa nzuri, difu inatenda vema. Kwenye matope mambo hugeuka, kwa sababu mzunguko wote hukimbilia upande usio na kizuizi. Gurudumu lililozama linazunguka kwa kasi na kurusha tope hadi juu ya turubai, na lenzake lililo juu ya udongo mgumu halizunguki hata kidogo. Shofa akikanyaga mafuta zaidi, lile linaloteleza linajichimbia shimo refu zaidi, na lile lililoshika linabaki palepale, zima, safi, bila faida kwa mtu yeyote.

Shofa mzoefu huinua mguu. Huacha kelele zitulie, huweka gia ndogo kabisa, kisha hufunga difu. Kuanzia hapo magurudumu mawili hayana uhuru wa kutengana. Yanazunguka kwa mwendo mmoja. Lililoshika linavuta, lililoteleza linafuata, na lori linaanza kupanda taratibu.

Mpendwa, je, hujaliona hilo nyumbani mwako?

Yupo ndugu anayeteleza. Pengine ni kijana aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila, mikono mitupu na moyo uliochoka. Pengine ni mume aliyeanza kunywa, au dada aliyekopa akashindwa kulipa, na sasa anakwepa hata salamu. Mtu anayeteleza huzunguka sana. Husema maneno mengi, huahidi, hukasirika, hutoroka, hurudi, na kila anapoongeza nguvu anazama. Karibu naye yupo mwingine aliyeshika vizuri. Anasali, anafanya kazi, hana deni. Huyu naye amenyamaza. Moyoni anasema, "Mimi nipo salama, yeye ajitegemee."

Hatukupewa uimara wetu ili tubaki safi. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo, na katika barua hiyohiyo akawaomba walio wa kiroho wamrejeshe kwa upole ndugu aliyeanguka. Kwa Wakolosai aliuweka upendo juu ya yote, kama kitu kinachofunga na kuunganisha. Nafikiri aliwafahamu watu wawili hawa, anayezunguka bila kusonga na aliyesimama bila kusaidia. Wote wawili wamekwama. Hapo dawa ya kwanza ni kufungamanishwa, na kutiana nguvu kutafuata.

Ndiyo kazi ya msamaha. Kusamehe si kusema kwamba tope halikuwa tope, wala si kumficha mtu anayepiga na kuumiza wengine. Kusamehe ni kukataa kutengana na aliyeteleza. Ni kumwambia kwamba pale nilipokanyaga mimi penye uimara, mguu wangu ni wake pia. Je, nani leo anangoja neno hilo kutoka kwako?

Watu wa njia hii wanajua kwamba neno hilo lina gharama. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita hapa wakati wa mfanyabiashara Tippu Tip. Mwaka 1964 na 1965 vita vya waasi wa Simba viliwafikia wazee wetu, na wapo ambao kwao mlio wa lori la jeshi ulikuwa amri ya kukimbilia porini. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Mwaka 2004, mwandishi wa Uingereza, Tim Butcher, aliposafiri kutoka Kalemie kupitia Kabambare hadi Kasongo, alipanda pikipiki, kwa kuwa magari yalikuwa yameiacha njia hiyo. Barabara inayokosa watu wa kupitana humezwa na majani. Hata kati ya jirani na jirani ni hivyo, tusiposalimiana muda mrefu.

Lakini tazama kinachotokea lori linapozama karibu na kijiji. Vijana wanashuka na majembe. Akina mama wanakata matawi ya kutandika chini ya tairi. Kasongo na vijiji vyake vina Waislamu wengi na Wakristo wengi, na kwenye kamba ya kulivutia lori hakuna anayemwuliza mwenzake amesali wapi. Wengine wanaovuta wana kumbukumbu nzito juu ya familia ya jirani aliyeshika kamba mbele yao. Siwezi kusema kwamba kamba imeponya kila kidonda. Nasema tu kwamba upatanisho mara nyingi huanzia kwenye kazi ndogo inayohitaji mikono ya wote wawili, kabla midomo haijaweza kulitamka neno lenyewe.

Kabambare ina historia ya mtu mwingine aliyekwama. Mwezi wa Julai 1870 mmisionari David Livingstone alirejea hapo, mahali alipopaandika Bambarre, akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Alikuwa akiutafuta Mto Lualaba. Watu wake wengi walikuwa wamemwacha, na waliobaki naye katika safari ile walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Hakuondoka hadi Februari 1871, na katika muda wake wa Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Sisi wahubiri hupenda kuzitaja mara nne hizo. Leo naomba tuwatazame wale watatu. Mwenye vidonda vya miguu huhitaji maji yachotwe, chakula kipikwe, moto usizimike, na kesho yake vivyo hivyo. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wake hadi pwani, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Dunia ilistaajabia safari ile. Mimi naona kwamba walikuwa wamekwisha kuizoea katika siku ndefu zisizo na sifa, walipobaki na mtu asiyeweza kutembea.

Uaminifu wa kila siku ndio gia ndogo yetu. Hauna mwendo wa kumvutia mtazamaji. Ni kuamka na kumsalimu yuleyule uliyegombana naye jana. Ni kumpelekea uji mgonjwa ambaye hakushukuru mara ya kwanza. Ni kumwombea mtoto mmoja kwa jina lake kila jioni, mwaka hata mwaka. Je, unachoka kwa sababu huoni umbali uliokwenda? Katika gia ndogo umbali hauonekani haraka, lakini nguvu yote inafika chini, kwenye udongo, mahali inapohitajika.

Liko jambo moja ambalo shofa huyu hutufundisha baada ya matope, na tunalisahau upesi. Akifika penye ardhi kavu na ngumu, anafungua difu. Akiiacha imefungwa, kila kona itayavuta magurudumu kinyume, tairi zitaliwa na ekseli inaweza kukatika. Kile kilichomwokoa bondeni kitamvunjia gari uwandani.

Tumefika hapo mara ngapi, mpendwa? Tulimsaidia mtu, tukamsamehe, akasimama. Kisha hatukumwachia. Kila anapotaka kupinda kona yake mwenyewe tunamkumbusha, "Usisahau tulikotoa mguu wako." Tunataka aende kwa mwendo wetu, aoe tunapotaka, atumie fedha zake tunavyotaka, kwa kuwa tulimvuta. Msamaha wa namna hiyo umegeuka kuwa utawala. Baba wa yule mwana mpotevu alimvika vazi na pete. Vazi na pete ni alama za mwana aliye huru nyumbani, na mtumwa hapewi. Upendo unaojua kushika unapaswa kujua pia kuachia, na vyote viwili ni upendo uleule.

Basi wiki hii nakuomba ujiulize mambo mawili bila kujihukumu kwa ukali. Ni nani anayeteleza karibu nami, ambaye nimemtazama tu? Na ni nani ambaye amekwisha kusimama, lakini bado namshikilia kwa deni la wema wangu? Kwa wa kwanza, nenda kabla ya Jumapili. Usiende na hotuba, nenda na kazi mnayoweza kuifanya pamoja, kulima mstari mmoja au kurudishia nyasi paa lake. Kwa wa pili, mwambie wazi kwamba hadaiwi kitu. Na kama ni wewe unayeteleza, inua mguu kidogo, uache kujitetea, na umruhusu mtu akushike. Kusaidiwa si aibu mbele za Mungu.

Tuombe. Bwana, tufunge pamoja penye matope na utupe uhuru penye ardhi imara. Wape subira wote walio njiani msimu huu, na utufundishe kupendana kwa mwendo ambao aliye dhaifu kwetu anauweza. Amina.