Haki Haitetewi kwa Uongo

Wanangu na wajukuu zangu, nawasikia mkijadili siasa za dunia, na nimefarijika kuona mateso ya Gaza yanawauma. Anayeona watoto wakifukuliwa kwenye vifusi na moyo wake usishtuke, huyo amepungukiwa utu. Semeni. Ilaumuni serikali ya Israel kwa matendo yake, kama mnavyozilaumu serikali zetu.

Ninachowaonya ni kile kinachofuata. Mjadala unaanza na waziri mkuu wa Israel, jeshi lake na silaha za Marekani. Punde mtu anaandika kwamba Wayahudi ndio wanaoitawala dunia: benki zao, magazeti yao, vita vyao. Wenzake wanaitikia, na hakuna anayedai ushahidi. Hapo Gaza imeshasahauliwa, na mmeuokota uongo wa kale wenye damu nyingi.

Jueni ulikopita. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapa maandishi yaliyodaiwa kuwa siri za wazee wa Kiyahudi waliopanga kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilithibitisha kuwa ni ya kughushi: sehemu kubwa iliibwa kwenye kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kilichomshambulia Napoleon III wala hakikuwahusu Wayahudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huu haukukoma pale. Wanazi waliueneza, na hadi kufikia 1945 walikuwa wamewaua Wayahudi milioni 6. Oktoba 2018, huko Pittsburgh, mtu aliyejazwa hadithi za namna hiyo aliingia sinagogi akaua watu 11.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 1990 gazeti la Kangura la Rwanda lilichapa barua ya kughushi, eti mpango wa siri wa Watutsi kuitwaa Kivu na nchi za jirani. Mbinu ni ile ile: hati ya siri, watu wote wa asili moja wakifanywa wala njama, jirani akigeuzwa adui. Mwaka 1994 mapanga yakafuata, na maiti zikaelea mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Mwaka 2003, hapo Arusha, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani mhariri wa gazeti hilo, Hassan Ngeze.

Basi mkilaumu, mtajeni mtenda na tendo lake. Kuna Wayahudi wanaoandamana Tel Aviv na New York kuipinga serikali hiyo hiyo ya Israel. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, walioishika dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoifuata mwaka 1919. Mkulima wa kahawa wa huko ameamuru bomu gani? Methali ya samaki mmoja kuoza msiwabandike binadamu.

Rafiki akikutumia uzushi, muulize: nani kasema, lini, ushahidi uko wapi? Akiwa mjomba au shangazi, muulize faraghani na kwa adabu. Asiposikia, semeni kinyume chake mbele ya wote bila matusi, maana wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika. Wala msimwite kila anayeilaumu Israel kuwa anawachukia Wayahudi. Hiyo nayo ni dhuluma, na huondolea uzito onyo la kweli.

Wenye dini mnayo mafundisho ya kutosha. Mwislamu anajua kwamba Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, akawakumbusha masahaba kuwa na yule ni nafsi. Mkristo anajua kuwa Yesu na mama yake walikuwa Wayahudi, na mwaka 1965 Kanisa Katoliki lilitamka rasmi kwamba Wayahudi wote wasibebeshwe lawama ya kifo chake.

Mpalestina anayedai ardhi na uhai wake ana hoja za kutosha. Mkimchanganyia uongo wa Wayahudi kuitawala dunia, mnawapa wasiomtaka kisingizio cha kutomsikiliza, na mnamweka hatarini Myahudi asiye na kosa. Mteteeni kwa ukweli. Na yeyote atakayewataka mchukie watu wote wa asili moja kwa jina la haki, mkatalieni, hata akiwa upande wenu.