Mvulana Aliyekataliwa na Uhuru wa Apendwaye

Mapenzi ya kwanza ya mvulana, yaani ule mvuto wa moyo unaomjia kabla hajajua kuupa jina, ambao mara nyingi humwelekea msichana wa darasani au wa kwaya ya parokia, huhesabiwa na wakubwa kuwa jambo la kupita, na uchungu unaofuata msichana anapokataa hutulizwa kwa kicheko. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, kwa kuwa hapo ndipo mvulana anapokutana mara ya kwanza na swali la kale la teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu: ikiwa upendo ni mwema kuliko vyote, mbona haumlazimishi apendwaye kuurudisha?

Augustino wa Hippo, aliyeanza kuandika Maungamo yake yapata mwaka 397, alipomlilia rafiki yake wa ujanani aliyefariki, alihitimisha kwamba kosa lake lilikuwa kumpenda mwenye kufa kana kwamba hatakufa. Jibu hilo ni zito lakini halitoshi hapa, maana linauchunguza moyo wa apendaye na kumwacha kando apendwaye. Msichana aliyekataa hajafa. Ametumia hiari, yaani uwezo wa kuchagua aliojaliwa na Mungu, ambaye kwa imani ya Kikristo naye huvumilia kukataliwa na viumbe wake.

Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikwisha kuligusa jambo hili katika utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo tangu kuzaliwa, ana nguvu za kumfuata baba huyo hadi kuzimu na kumrudisha. Hata hivyo, baada ya ushindi wote huo, Nkuba, ambaye ni radi, anampandisha mbinguni kwa mwaka mzima ili ajifunze kwamba si kila awezacho kukifanya ana haki ya kukifanya.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee Walikale na Masisi jirani yake, ambako tangu vita vya 1993 vijana wengi wamekua wakiona mwenye bunduki akijitwalia alichonyimwa. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya Walikale kikiwemo Luvungi, watu wasiopungua 387 walibakwa, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa. Kumhusisha mtoto anayelia kwa mapenzi na uovu huo kungekuwa dhuluma; lakini ni haki kusema kwamba anayejifunza mapema kuiheshimu hapana ya mwenzake anajifunza jambo ambalo vita vimelikanusha mbele ya macho yake.

Wala mafunzo hayo si ya mvulana peke yake. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inadai ridhaa, yaani kukubali kwa hiari, ya kila mmoja wa wanaooana, na umri usiopungua miaka 18; basi wazee wanaopatana mahari kabla binti hajaulizwa wanadaiwa heshima ile ile kwa hapana anayodaiwa mvulana.