Anayengojesha Ana Deni

Zamani mtu aliponunua motokaa, kazi ya kiwanda ilikuwa imekwisha. Kile alichokilipia asubuhi ndicho alichokuwa nacho jioni, na tangu siku ile kiliendelea kuchakaa tu. Siku hizi sivyo. Motokaa za umeme hutawaliwa na kompyuta, nayo kompyuta hupokea programu mpya kutoka kwa watengenezaji kwa njia ya hewa, bila waya, kama zipokeavyo simu zetu za mkononi. Mwenye gari hulala, na kunapopambazuka hulikuta gari lake laweza jambo ambalo jana halikuliweza. Kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza desturi hii mwaka 2012 kwa gari lake la Model S, na leo watengenezaji wengi waifuata.

Basi pamezaliwa namna mpya ya kungoja. Tutazame nchi ya Norwei, ambako mwaka 2024 karibu motokaa mpya 9 katika kila 10 zilizouzwa zilikuwa za umeme. Huko majirani wawili waweza kuwa na magari ya aina moja, yaliyonunuliwa mwezi mmoja. Huyu akapata programu mpya leo, na yule akangoja majuma kadhaa. Kila asubuhi yule hutazama kioo cha gari lake, asione kitu. Na gari lililomfurahisha juzi, leo laonekana pungufu machoni pake, ingawa halikupungukiwa hata msumari mmoja.

Je, mtu huyu alaumiwe kwa kukosa subira, au ana haki ya kunung'unika? Wahenga wetu walisema, “Subira yavuta heri”, nao hao hao wakasema, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Methali hizi hazipingani. Yatupasa tu kupambanua ni kungoja kupi.

Kuna kungoja kulikotokana na busara. Mtengenezaji hatumi programu mpya kwa watu wote siku moja. Huituma kwanza kwa wachache, akatazama, kisha akaongeza wengine, ili kosa likionekana lisienee barabara zote kwa mara moja. Hapa mwenye kuchelewa hakudhulumiwa, amelindwa. Na faida yenyewe yaweza kuwa kubwa. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima breki za Tesla Model 3. Likienda maili 60 kwa saa, gari lile lilihitaji futi 152 kusimama. Baada ya marekebisho kuletwa kwa njia ya hewa, likasimama kwa futi 133. Futi hizo 19 zaweza kuwa uhai wa mtoto avukaye njia. Kwa jambo la namna hii, ni nani asiyekubali kungoja hata lipimwe vema?

Lakini kuna kungoja kwingine, ambako mtu amekwisha kulipa. Mwezi Oktoba 2016 Tesla ilitangaza kwamba magari yote inayoyaunda yana vyombo vyote vitakiwavyo ili siku moja yajiendeshe yenyewe kabisa. Kilichobaki ni programu tu, nayo itakuja. Watu wengi walitoa fedha za ziada kwa ajili ya ahadi hiyo. Miaka ikapita. Mwezi Januari 2025 mkuu wa kampuni, Elon Musk, alikiri kwamba hata kompyuta zilizoanza kufungwa mwaka 2019 zitahitaji kubadilishwa katika magari ya wale walioinunua ahadi ile. Hapo methali ya tatu ndiyo yenye neno: ahadi ni deni. Fedha zaweza kurudishwa, na kompyuta yaweza kubadilishwa. Lakini miaka ya mtu hairudishwi. Na aliyekwisha kuliuza gari lake, alingojea nini?

Tena, mkono uwezao kutoa ukiwa mbali, waweza pia kuzuia na kutwaa. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipoikaribia Florida, Tesla iliyaongezea baadhi ya magari yake urefu wa safari kwa muda, ili wenyewe wapate kukimbia. Lilikuwa tendo jema. Walakini nguvu ile haikutoka mbali. Ilikuwamo ndani ya betri zao siku zote, imefungwa kwa programu kwa sababu waliuziwa kwa bei ndogo zaidi. Na mwaka 2019 programu moja ilipunguza kwa muda nguvu ya betri katika magari 1,743 ya Model S huko Marekani. Wenyewe wakashtaki, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kuyamaliza madai. Yaani watu hawa walilala na mali yao, wakaamka nayo imepungua, wala hakuna mwizi aliyevunja mlango.

Kwa hiyo twasema hivi. Subira ni fadhila ya mwenye kungoja. Haiwi kamwe kisingizio cha mwenye kukawiza. Muuzaji sharti auze kilichopo, na kisichokuwapo akiite kwa jina lake: tumaini, wala si bidhaa. Akijua siku, aitaje; asipoijua, aseme hajui. Wala asiguse kilicho cha mwingine bila kumwambia. Naye mnunuzi apime kwa gari lililo mbele yake leo. Likimtosha leo, la kesho litakuwa zawadi. Lisipomtosha, asinunue usiku wa ahadi.

Wala tusidhani kwamba neno hili lawahusu wenye viwanda peke yao. Mzazi amwambiaye mtoto “kesho” kila siku, fundi aliyepokea malipo ya kwanza akanyamaza, mkubwa wa ofisi asemaye “njoo wiki ijayo” huku akijua kwamba hakuna kitu: hao wote wameshika wakati wa mtu mikononi mwao. Kabla hatujamhimiza mwenzetu awe na subira, na tujiulize kwanza kama sisi ndio tunaomdaiwa.